Aproni Tano za Wapishi wa Mtoni

Kosa langu la kwanza katika ufundi wa kushona nililifanya kwa uzi mzuri na mkono mtulivu. Nilichukua aproni tano za jikoni za mama yangu, nikaziba sehemu ambazo niliamini aliyezishona alisahau kuzimalizia, nikazipiga pasi na kuzirudisha kapuni bila kumwambia. Nilitaka azikute tu, afurahi. Kesho yake sufuria ya mchuzi ilimwagika harusini mbele ya watu.

Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na waliostaafu, watu wenye mvi na vyeo vya kutaja. Mimi ndio kwanza nimevuka thelathini, na kila nikiandika sentensi hapa naifuta mara mbili. Lakini mama yangu amestaafu, naye haandiki. Na vijana wanaokuja kujifunza kwangu huniuliza kwa nini aproni ya jikoni ninaihangaikia kuliko suti. Basi nitaeleza nilivyoanza.

Siku yangu ya kwanza kazini hakuna aliyeniajiri. Nilitoa cherehani ya mtumba barazani kwetu, Mtoni, nikaipaka mafuta, nikakaa. Sikuwa nimefundishwa na mtu. Nilikuwa nafumua mashati ya mtumba mshono kwa mshono ili nione yalivyoungwa, kisha nayaunga tena. Kujifundisha peke yako kuna shida moja: hakuna fundi wa kukwambia "hapo inatosha". Nilikuwa nafumua pindo ambalo hata mvaaji asingeliona, nalishona upya, nalifumua tena. Mkono ukitulia, moyo hautulii. Siku ile ya kwanza hakuna mteja aliyetokea, na kazi pekee niliyoiona mbele yangu ilikuwa kapu la mama.

Mama, ambaye mtaani anaitwa Bi Salama, alikuwa mpishi wa shughuli. Kwa asiyejua, huyu si mama lishe. Mpishi wa shughuli huitwa kwenye harusi, hitima, akika na maulidi, anakuja na kikundi chake, wanapika uani kwa kuni, kwenye masufuria ambayo mtoto anaweza kuogea. Mkuu wa kikundi ndiye anayeamua chumvi, moto, na wakati wa kuepua. Chakula kikiharibika, bwana harusi halaumiwi, wala mwenye nyumba. Linatajwa jina la mpishi, na linatajwa kwa miaka.

Kikundi cha mama kilirithi aproni tano kutoka kwa bibi, mama yake mama. Babu alikuwa mfanyakazi wa tanuri la mikate, na mifuko ya ngano ya enzi hizo ilikuwa ya marekani, yaani pamba nzito isiyopakwa rangi. Babu aliileta nyumbani ikiwa mitupu, bibi akaifua mpaka maandishi yakafifia, akakata aproni. Hazikuwa na kamba ya shingoni; zilifungwa kiunoni tu, na mkanda wa kila moja ulikatwa kwenye khanga iliyochakaa ya mwanamke fulani wa ukoo wetu. Pindo la chini lilikunjwa kuja juu kwa upana wa shubiri na zaidi, likashonwa ule upande wa juu. Pembeni, kulia na kushoto, lilikuwa wazi.

Hizo pembe zilizo wazi ndizo nilizoziziba. Nilijiambia bibi macho yalikuwa yamechoka.

Harusi ilikuwa mtaa wa pili. Niliambiwa nikasaidie kubeba maji, kwa hiyo nilishuhudia mwenyewe. Pilau lilikuwa bado limepaliwa makaa juu ya mfuniko, na mchuzi wa nyama ulikuwa tayari kuepuliwa. Mama aliinama upande mmoja wa sufuria, mama mdogo Zuhura, mdogo wake, upande wa pili. Wakasema bismillahi. Mama mdogo, aliyekuwa amevaa khanga yake tu siku ile, na matambara mkononi, akanyanyua. Mama akapeleka mikono yake kwenye pembe za pindo, mmoja kulia mmoja kushoto, kama alivyofanya tangu usichana wake, na mikono ikagonga kitambaa. Haikuingia. Sufuria ikalala upande. Mchuzi ukaingia motoni, moshi ukapanda, na mama akaruka nyuma. Hakuungua, namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo.

"Nani kaziba hii?" mama aliuliza, akiwa ameinua pindo mbele ya wote.

Hapo ndipo nilipoelewa. Lile pindo lilikuwa njia ya mikono. Mpishi anaingiza viganja kutoka pembeni, kitambaa kinabaki mara mbili kati ya ngozi na chuma, anashika ukingo wa sufuria na kuinua. Hahitaji kutafuta tambara wakati wali unaungua.

"Mimi, mama."

Mama mdogo Zuhura alishika kiuno. "Jamani, njooni mumwone fundi! Mwenzenu kashona mpaka mlango wa kutokea!"

Watu walicheka, na wengine hawakucheka kwa sababu walikuwa na njaa. Wageni walikula pilau na kachumbari, mchuzi ukiwa wa kugawana kwa kijiko. Mama hakunigombeza. Tulipofika nyumbani aliketi mkekani na wembe, akafumua kazi yangu yote, aproni moja baada ya nyingine. Alipomaliza alisema, "Usiziguse tena, baba, mpaka ujue zinafanya nini."

Ningependelea anipige kofi. Tangu siku ile nilikuwa na haja moja tu katika ufundi wangu: mama yangu avae aproni niliyoshona mimi, ainue nayo sufuria.

Kwa kuwa nilikuwa na aibu ya kukaa barazani, nilikwenda kutafuta kazi Tabata, kwenye karakana ya sare za shule. Mkubwa wetu tulimwita Fundi Mkuu, mzee kutoka Iringa, mtu wa kanisani, mpole, ambaye hakupenda redio iwashwe kazini. Huko ndiko nilikojifunza mshono wa kulalia, ambao kingo mbili za kitambaa hukunjwa moja ndani ya nyingine na kupigwa mistari miwili, hivyo hakuna uzi unaobaki nje. Ni mshono wa suruali za kazi. Hauchaniki kirahisi na hauchubui. Niliupenda mno. Niliupiga hata kwenye mifuko ya kaptula za chekechea.

Fundi Mkuu alisimama nyuma yangu asubuhi moja nikiwa nafumua.

"Kijana, hiyo ina kosa gani?"

"Imepinda, mzee."

"Imepinda wapi?"

Nilimwonyesha. Alivaa miwani, akaivua. "Unashona kama mtu anayesubiri kukamatwa. Huyu mtoto atapanda ukuta na hii kaptula kabla ya saa nne. Mshonee mtoto, usinishonee mimi."

Niliitikia "ndiyo mzee" na sikumwelewa. Nilidhani ananihimiza niongeze kasi.

Kutoka Tabata nilikwenda Boko, kwenye jiko la bweni la chuo kimoja, ambako nilipewa chumba kidogo nyuma ya stoo nikarabati mashuka, mapazia na aproni za wapishi. Mkubwa wangu alikuwa Bwana Stoo, mwanamume mrefu asiyetabasamu, aliyetembea na funguo kiunoni utadhani gereza ni lake. Juu yake alikuwepo Mpishi Mkuu, ambaye alikuwa na sheria moja kuhusu nguo. Siku yangu ya kwanza aliokota aproni mpya iliyong'aa, akakata kipande kidogo kwenye pindo, akakisogeza kwenye moto wa jiko. Kilijikunja, kikayeyuka, kikadondosha tone jeusi.

"Tetroni," alisema. "Ikidondokea kwenye ngozi inaganda nayo. Kwangu jikoni ni pamba tupu. Pamba ikishika moto unaizima, tetroni inakufuata."

Lakini aliyenifungua macho ni Bwana Stoo, na sidhani kama alikusudia. Nilitaka kutupa rundo la aproni chakavu nishone mpya. Alinizuia mlangoni.

"Unatupa nini?"

"Zimekwisha, mkuu. Zimetoboka."

"Zimetoboka wapi?"

Akaninyang'anya rundo lile, akazitandaza sakafuni zote, akasimama kama anakagua gwaride. "Haya. Soma."

Kila kazi ilikuwa imetoboa aproni zake mahali palepale. Nyonga ya kulia ilikuwa imelika kwa sababu wapishi hufutia hapo mkono. Tumboni palikuwa na mstari uliosagika sawasawa na ukingo wa sinki. Zile za wapika chapati zilikuwa nyeupe na imara pande zote, isipokuwa mapajani, ambapo mafuta yalikuwa yameshazila nyuzi. Na ile ya mwosha vyombo mmoja, aliyekuwa anatumia mkono wa kushoto, ilikuwa imelika nyonga ya kushoto. Nilikuwa nimekarabati aproni zile kwa miezi, nikipiga viraka vilivyonyooka kama rula, bila kujiuliza hata mara moja kwa nini tundu liko pale na si kwingine. Nilipiga magoti sakafuni, nikaanza kushika kitambaa kimoja kimoja. Bwana Stoo aliniacha, akaenda kuhesabu mchele wake.

Nikaacha kazi Boko mwisho wa mwezi. Nilirudi Mtoni, nikamwamkia mama shikamoo, nikamwambia ninachotaka.

"Naomba kufanya kazi kwako."

"Ya kushona?"

"Ya kupika."

Mama mdogo Zuhura alikuwepo, anachambua mchele. Alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Dada, mchukue. Fundi kazi imemshinda, kaja kuwa kungwi wa masufuria!"

Mama alinichukua. Nilivaa mojawapo ya zile aproni kuukuu, mara yangu ya kwanza kuivaa badala ya kuikagua. Nilichota maji, nilichanja kuni, nilikata vitunguu. Hapo kwenye vitunguu niliteseka, maana nilitaka vipande vyote vilingane.

"Fundi!" mama mdogo aliita kutoka upande wa pili wa ua, ili kila mtu asikie. "Kitunguu hakina pindo! Kata tu, watu wanataka kuoa!"

Kisha nilipewa sufuria. Kuinua sufuria ya pilau kwa mara ya kwanza ni jambo ambalo hakuna fundi cherehani anayeweza kulibahatisha kichwani. Joto linakupiga usoni kwanza. Macho yanajaa moshi, huoni pindo liko wapi; mikono inalitafuta yenyewe. Viganja vinataka nafasi ya kugeuka ndani ya kitambaa, maana unaingiza ukiwa umenyoosha vidole na unashika ukiwa umevikunja. Nikagundua pia kwa nini hakuna kamba ya shingoni: ukiinama juu ya makaa, chochote kinachoning'inia kitaungua. Na kwa nini mkanda hufungwa kwa fundo la kuvuta mara moja: moto ukishika, unavuta ncha, nguo inadondoka, unaiacha. Bibi hakuwa amesahau chochote.

Kuna mchana mmoja tulirudi mapema kutoka kwenye hitima, mama akazitandaza aproni zote tano mkekani ziote jua. Niliketi pembeni yake. Kwa mara ya kwanza nilimwuliza badala ya kumweleza.

"Mkanda huu mwekundu na mweusi ni kisutu cha nani?"

"Cha bibi yako. Ndiyo khanga aliyoolewa nayo. Kilipochakaa akakata hapa." Alisogeza kidole. "Hiki kiraka ni kanzu ya marehemu baba yako. Aliichana kwenye msumari siku ya Idi, akanuna kutwa nzima. Mie nikapata kiraka." Alicheka. Kisha akagusa doa la njano kwenye aproni yake mwenyewe, doa la bizari pana kama sahani ya chai. "Na hili ni lako."

"Langu vipi?"

"Akika yako. Nilikuwa napika mwenyewe, kuna mtu alinizuia lakini sikusikia. Ukalia, Zuhura akakuleta, nikakupakata mkono mmoja na kikombe cha bizari mkono wa pili. Ukapiga teke. Kikombe chote kikamwagika hapa, na watu wangu wakala pilau jeupe."

"Kumbe alianza zamani kuharibu shughuli," mama mdogo alisema kutoka ndani.

Tulicheka wote watatu. Doa lile nimeliona tangu utoto wangu, na mwaka ule wa kosa nililisugua kwa sabuni ya kipande na jiki mpaka vidole vikauma. Nilishukuru halikutoka.

Ni mchana huohuo mama aliponiambia magoti yamemchosha. Msimu ule ungekuwa wa mwisho kwake. Angepika mpaka kabla ya Ramadhani, halafu kikundi amwachie Zuhura. Niliitikia kwa utulivu na ndani nikaingiwa na hofu. Nilikuwa na msimu mmoja.

Nilianza kukata siku iliyofuata. Nilipata marekani nzito, nikaifua na kuianika mara kadhaa ili irudi kabisa, yaani isinyae, kabla ya kukatwa, maana pamba ambayo haijarudi itarudi mwilini mwa mtu. Mishono yote ilikuwa ya kulalia. Njia ya mikono niliipima kwa mkono wa mama ukiwa umekunja ngumi, si ukiwa umenyooka. Ndani ya pindo niliongeza tabaka la tatu pale tu ambapo aproni kuukuu zilikuwa zimebabuka, na nyonga ya kulia nikaweka kipande kinachoweza kubandulika na kubadilishwa. Nilishona moja tu. Nikaifumua. Nikaishona. Nikaifumua tena.

Mama alinitazama kwa wiki kadhaa akipita na ndoo zake.

"Hiyo itaingia jikoni lini?" aliniuliza. "Au unasubiri ije kuposwa?"

"Kuna mstari mmoja, mama..."

"Huo mstari ninaouona mie au unaouona wewe?"

Nikamkumbuka Fundi Mkuu wa Tabata. Nikakata uzi, nikaiacha ilivyo. Mpaka leo najua mstari huo uko wapi.

Shughuli kubwa ya mwisho ya mama ilikuwa harusi ya Mbagala. Ukoo wa pwani, wageni kutoka kila upande, masufuria matatu makubwa ya pilau, na wapishi wa vikundi vingine wamealikwa kama wageni, watu wanaojua kutazama. Alfajiri kuni zilikuwa zimeshawaka. Nilimkabidhi mama aproni ile. Aliingiza viganja kwenye njia, akavikunja, akavitoa. Akaingiza tena. Akavuta ncha ya mkanda, aproni ikadondoka. Akaiokota, akashika nayo mfuniko uliokuwa na makaa juu, akabaki ameushika huku akinitazama.

"Nikivaa hii na sufuria ikaanguka, aibu itakuwa ya nani?"

"Yangu, mama."

"Yako wapi! Huku nani anakujua wewe? Itakuwa yangu mie, siku yangu ya mwisho."

Nilinyoosha mkono ili nirudishiwe.

"Ngoja basi," alisema. "Ya bibi yako nayo ilikuwa mpya siku moja." Akajifunga kiunoni.

Wakati wa kuepua ulipofika, ua ulijaa. Mama upande mmoja, mama mdogo Zuhura upande wa pili. Nilisimama karibu na mapipa ya maji. Mama akainama. Mikono ikaenda pembeni, kulia na kushoto, ikaingia.

"Bismillahi," alisema. "Haya, juu."

Sufuria ikapanda sawa kama maji kwenye beseni. Wakiwa wameibeba, mama aligeuza uso na kuanza kumgombeza mtu. "Wewe dada wa sinia, nani kakwambia uweke masinia mavumbini? Toa hapo!" Aliongea njia nzima, kutoka mafigani mpaka kwenye mkeka, hakutazama mikono yake hata mara moja. Hapo nilijua. Mtu anayekiogopa kitambaa hawezi kugombana na mwenye masinia.

Sufuria ya pili ikaenda. Ya tatu ikaenda. Pilau lilifunuliwa likiwa limetawanyika punje punje, na harufu ya iliki ikawatoa wanaume kwenye viti vyao. Mpishi mmoja mzee, mwanamke wa kikundi cha Tandika, alimsogelea mama, akaingiza mkono wake kwenye njia ya pindo bila kuomba ruhusa.

"Salama, hii umeitoa wapi?"

"Kashona mwanangu," mama alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Yule pale, anayelia kwenye mapipa."

Vigelegele vilipigwa. Nilikuwa nalia kweli. Mama mdogo Zuhura alikuja akanifuta uso kwa ncha ya khanga yake inayonuka moshi, akaninong'oneza, "Yangu mkanda uwe mwekundu. Sitaki rangi za kizee. Na uifanye haraka, sio mpaka Kiyama."

Huwa najiuliza kwa nini ushindi wangu mkubwa ulikuja mikono yangu ikiwa mitupu, nimesimama pembeni. Nadhani ndivyo ilivyo kwa kazi yetu. Nguo ya kazi ikifaa, mtu anaisahau, na wewe uliyeishona unasahaulika nayo, na hilo ni jambo jema la kutamani. Ninawaambia vijana wangu hivyo, ingawa mimi mwenyewe niliwachukulia majirani nusu siku nikiwasimulia vile vigelegele.

Sasa mambo yako hivi. Mama mdogo Zuhura ndiye mkuu wa kikundi. Mimi nawashonea wapishi wa shughuli wa Temeke, na jiko moja la Boko, na sikati kitambaa cha mtu kabla sijamwona akifanya kazi. Wasiwasi haujaniisha, ila siku hizi nafumua mara moja tu. Mama hapiki tena nje ya nyumba. Akialikwa harusini anavaa nguo yake nzuri, anaketi mkekani na wenzake, na anakula pilau likiwa bado la moto.